Kuta za marobota ya mabua: moto unapita wapi?

FundiWaUdongo (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ninaposema kazi yangu ni kujenga kuta za marobota ya mabua, swali la kwanza huwa moja tu: "Na moto je?" Ni swali halali, na halijibiwi kwa "usijali". Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu majibu yanayozunguka ni mawili, na yote yanapotosha. Kuna wanaosema nyumba ya namna hii ni kiberiti kinachosubiri kuwashwa, na kuna wenzangu wenye mapenzi na ujenzi huu wanaosema haiungui kabisa. Mambo ya moto hayataki ushabiki, watu wanalala humo ndani.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mabua ya ngano, shayiri au mpunga yanayobaki baada ya mavuno hushindiliwa na mashine, yakafungwa kamba, yakawa marobota. Marobota hayo hupangwa kama matofali makubwa, au hujazwa kati ya nguzo za mbao, halafu ukuta unapigwa lipu pande zote mbili. Ujenzi huu ulianzia Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mashine za kufunga marobota kufika kwenye nyanda za mchanga ambako miti ya kujengea ilikuwa haba. Kanisa la Pilgrim Holiness katika mji wa Arthur lilijengwa hivyo mwaka 1928 na bado lipo. Ufaransa nako kuna nyumba ya Feuillette, Montargis, ya mwaka 1920. Kwa hiyo si jambo la majaribio la juzi.

Sasa moto wenyewe. Bua moja likishikwa na njiti linawaka papo hapo, hilo halina ubishi. Lakini moto unataka hewa, na ndani ya robota lililoshindiliwa sawasawa hewa ni kidogo. Ni kama kijiti na gogo: vyote ni mti, lakini gogo huliwashi kwa njiti ya kiberiti. Sehemu ya nje ya robota inaungua, inageuka tabaka jeusi la mkaa na majivu, na tabaka hilo linakinga yaliyo nyuma yake. Ndiyo maana uzito una maana kubwa. Kiambatisho cha ujenzi wa marobota kilichoingizwa kwenye kanuni ya mfano ya nyumba za makazi ya Marekani toleo la 2015 kinataka robota kavu liwe na angalau kilo 104 kwa mita moja ya ujazo, na unyevu usiozidi asilimia 20. Robota ambalo ukilinyanyua kwa kamba linajikunja katikati halifai kuingia ukutani. Nalirudisha, hata kama mwenye shamba atanuna.

Juu ya hapo inakuja lipu. Mwaka 2006, huko Texas, kuta mbili za marobota zilipimwa kwa ASTM E119, kipimo cha Marekani cha ukuta kustahimili moto. Katika kipimo hicho tanuri hufika 927 °C saa ya kwanza na 1010 °C saa ya pili, na upande wa pili wa ukuta hauruhusiwi kupanda joto kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 139 juu ya ulivyoanza. Moto ukizimwa, ukuta unapigwa maji ya mpira wa zimamoto kwa nguvu kuona kama utabaki wima. Ukuta wa lipu ya udongo ulifaulu saa moja. Wa lipu ya saruji na chokaa ulifaulu saa mbili. Lipu zenyewe ni za unene wa kama sentimita mbili na nusu kila upande.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa mabaya: ukuta uliopimwa umefungwa kila pembe. Nyumba ina mianya. Juu ya ukuta karibu na kenchi, pembeni ya nguzo, nyuma ya boksi la soketi, pale bomba la jiko linapotoboa. Moto hauhitaji kuangusha lipu ukiwa umepewa njia ya kupita nyuma yake. Na kabla lipu haijapigwa, eneo zima la ujenzi limejaa mabua yaliyotawanyika, hapo ndipo hatari iko juu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha ya nyumba hiyo.

Karibuni tujadili. Walioona moto kwa macho yao waseme, wenye mashaka waseme.

---

Mdadisi

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini nina shaka na hivyo vipimo. Ukuta wa maabara umejengwa na watu wanaojua kwamba utachomwa. Umenyooka, umekauka, hauna dirisha wala swichi. Mimi nikijengewa na fundi aliyechoka saa kumi jioni, napata ukuta huo?

---

FundiWaUdongo

Hupati, isipokuwa ukisimamia. Nakubaliana nawe kabisa.

Ila angalia jambo moja. Mwaka 1993, New Mexico, walichoma pia ukuta wa marobota usio na lipu hata chembe. Ulihimili zaidi ya nusu saa kabla moto haujatokeza upande wa pili. Na uliposhindwa, robota halikuungua hadi mwisho. Moto ulipenya kwenye kiungio, pale robota moja linapokutana na jingine. Kwangu hilo ni somo kubwa kuliko takwimu za saa mbili, kwa sababu linakuonyesha mkono wa fundi uelekee wapi. Kila kiungio tunakijaza kwa mabua yaliyochovywa kwenye uji mzito wa udongo, tunashindilia kwa mti hadi kidole kisiingie. Kazi hiyo ni ya kuchosha na haionekani kwenye picha za nyumba iliyokamilika, kwa hiyo ndiyo inayorukwa.

---

Askari_wa_Maji

Nimefanya kazi ya zimamoto miaka mingi, sasa nafundisha vijana. Ngoja niongeze upande ambao wajenzi wengi hawauoni.

Ukuta wa marobota ukishika moto, mara nyingi hauwaki kwa ndimi kubwa. Unafukuta. Moto unajificha ndani, unatembea polepole sana, unatoa moshi mwembamba kwenye ufa wa lipu. Mwenye nyumba anamwaga ndoo za maji, anaona moshi umekatika, anashukuru Mungu. Kesho yake ukuta unatoa moshi tena, mita mbili kutoka pale pa kwanza.

Tukifika, hatumwagii maji juu ya lipu tukaondoka. Tunapapasa ukuta kwa kamera ya joto kama ipo, kwa kiganja kama haipo, tunatafuta pale lipu ilipo moto. Tunavunja lipu, tunachomoa robota, tunakata kamba na kulitawanya nje kabisa, mbali na jengo. Ndani unakuta njia nyeusi nyembamba iliyochimbwa na moto, na kuzunguka kila upande wake mabua bado ya njano, makavu, mazuri. Hiyo njia nyeusi karibu kila mara inaanzia kwenye uwazi ulioachwa na mtu: shimo la bomba, nafasi kati ya robota na nguzo, sehemu ambayo mnyororo wa kukatia ulizidi kipimo.

Polepole hiyo ina faida, nisiifiche. Watu wanapata muda wa kutoka. Kwangu muda wa kutoka ndio kila kitu, ukuta utajengwa mwingine. Lakini moshi wa moto unaofukuta una gesi ya monoksidi ya kaboni kwa wingi, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Aliyelala haamki. Kwa hiyo mwenye nyumba ya namna hii aweke kengele ya moshi na ya gesi hiyo vyumbani, si jikoni tu.

---

Bi_Salma_U

Ahsante sana Askari. Hapo kwenye "mnyororo wa kukatia" sikuelewa, unatumika kukata nini?

---

FundiWaUdongo

Dada Salma, ukuta ukishapandishwa unakuwa na manyoya, mabua yanachomoza huku na kule. Tunayapunguza kwa msumeno wa mnyororo au mashine ya kukatia nyasi ili lipu ishike. Ndipo sakafu inajaa vumbi na vipande vya mabua hadi kwenye vifundo vya miguu. Manyoya hayo yakiachwa, moto unakimbia juu ya uso wa ukuta kwa sekunde, kutoka chini hadi kwenye kenchi, hata kama robota lenyewe halijaguswa.

Na hapa nitasema jambo litakaloudhi baadhi ya wenzangu. Wapo mafundi wanaoyaondoa manyoya kwa kuyababua na mtungi wa gesi. Wanasema ni haraka na ukuta unabaki laini. Mimi naipinga tabia hiyo moja kwa moja. Cheche moja inaingia kwenye kiungio, unafunga kazi, unaenda nyumbani, usiku inafukuta kama alivyoeleza Askari.

---

Kalamu_na_Kamba

Mtoa mada, nimewahi kufanya hivyo na wala hapakutokea shida. Unababua asubuhi, mtu anasimama na mpira wa maji, mnakaa hapo hadi jioni. Tusitie watu hofu. Ukipaka uji wa udongo baada ya kubabua, unazima kila kitu.

---

Askari_wa_Maji

Kaka Kalamu, sitabishana na uzoefu wako. Nakuambia tu kwamba moto unaofukuta ndani ya mabua yaliyoshindiliwa unaweza kukaa saa nyingi, hata siku, kabla haujajitokeza. Kukaa hadi jioni hakukupi uhakika. Na kama maji ya mpira yametumika, umelowesha robota unalokwenda kulifunga kwa lipu, umenunua uozo. Msumeno na fagio vinafanya kazi ileile bila moto.

---

FundiWaUdongo

Mimi kwenye kazi ninayosimamia utaratibu ni huu: mabua yaliyotawanyika yanakusanywa na kutolewa nje kila jioni, si mwisho wa wiki. Marobota ambayo hayajapangwa yanakaa mbali na jengo, yamefunikwa. Kuchomelea na kukata chuma kwa grinda vinaisha kabla robota la kwanza halijaingia. Ikilazimu kufanyika baadaye, chuma kinatolewa nje kikachomelewe huko. Asiyeweza kuacha sigara anatoka nje ya uzio. Mpira wa maji umeunganishwa na umejaribiwa asubuhi, siyo umekunjwa stoo. Na siku ileile ukuta umekamilika kunyolewa, unapakwa tabaka jembamba la udongo. Tabaka hilo si lipu bado, lakini linalaza manyoya yote, na hofu yangu inapungua zaidi ya nusu.

---

Waya_Hai

Naomba niingilie kwa upande wa umeme, kwa sababu hapa ndipo naona watu wanafanya makosa hata mafundi wazuri wa ukuta.

Waya ukibeba umeme unapata joto, na joto hilo linatakiwa litoke. Ukiuzika ndani ya kitu kinachozuia joto, kama mabua, linabaki palepale. Kanuni za Uingereza za kufunga umeme, BS 7671, zinasema waya uliozungukwa pande zote na kizuia joto kwa urefu wa nusu mita au zaidi uhesabiwe kubeba nusu tu ya uwezo wake wa kawaida. Nusu! Fundi anayeweka waya uleule wa jiko la umeme kama vile anafunga kwenye ukuta wa tofali anaanza na kosa. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuhimili 70 °C kwa muda mrefu. Ukiupikapika miaka mitano, kumi, inakuwa ngumu, inapasuka.

Ushauri wangu: nyaya zipite kwenye sakafu, au kwenye ukuta wa ndani usio wa mabua, au kwenye mfereji uliochongwa usoni mwa robota ukajazwa udongo, zikiwa ndani ya bomba lake. Zisichomwe katikati ya robota. Boksi la swichi liwe la chuma, na nyuma yake pazibwe kwa udongo, kusiwe na mabua yanayoligusa. Kiungo cha waya kisifichwe ndani ya ukuta hata siku moja. Mahali panaporuka cheche ni kwenye viungo vilivyolegea, si katikati ya waya mzima.

Na panya. Robota lililofungwa vizuri kwa lipu panya haingii, lakini akipata upenyo chini ya ukuta anakuwa na nyumba yenye joto na waya wa kutafuna.

---

Mdadisi

Hii ya nusu ya uwezo sikuijua. Ahsante Waya.

---

Mvunaji

Kuna suala hamjaligusa: marobota kujiwasha yenyewe. Shambani tunalijua. Je, ukuta unaweza kuwaka bila mtu kuuwasha?

---

FundiWaUdongo

Mvunaji, wewe ndiye mwenye kulijibu vizuri kuliko mimi.

---

Mvunaji

Sawa, nitajaribu. Kinachojiwasha hasa ni nyasi za malisho zilizofungwa zikiwa mbichi. Zina sukari na majani, vijidudu na ukungu vinakula humo na kutoa joto. Rundo kubwa halina pa kutolea joto, linapanda. Tunachoma fimbo ya kupimia katikati ya rundo. Ikizidi 65 °C tunapima kila baada ya saa chache, ikikaribia 80 °C tunaita zimamoto kabla hatujagusa robota, kwa sababu ukilivuta hewa inaingia na ndimi zinatoka.

Mabua ya nafaka yaliyokauka shambani hayana chakula kingi cha vijidudu, kwa hiyo hatari ni ndogo. Lakini marobota yaliyonyeshewa ghalani, yakarundikwa juu kwa juu, msiyaamini. Chomeka mkono katikati ya robota: kama ni la vuguvugu au linanuka uvundo, liache huko huko. Kwa ukuta wa unene wa robota moja uliokauka chini ya asilimia 20, sijawahi kusikia umejiwasha, joto linapata pa kutokea.

---

Bi_Salma_U

Samahani kama natoka nje ya mada. Sisi wengi tukisikia nyumba ya mabua tunawaza paa la nyasi. Hofu yetu inatoka huko. Je, ni kitu kimoja?

---

Mwezekaji

Dada, hujatoka nje ya mada, umegusa kidonda. Mimi ni mwezekaji, naipenda kazi yangu, na ndiyo maana sitaidanganya nafsi ya mtu: paa la nyasi na ukuta wa robota ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya moto.

Ukutani mabua yamebanwa na kufungiwa. Paani yamelazwa mteremko, ncha ziko nje kwenye upepo na jua, na chini yake kuna dari lenye hewa tele. Kila kinachomfaa moto kipo. Historia imejaa mifano. London ilipiga marufuku kuezeka kwa nyasi mwaka 1212 baada ya moto mkubwa kuunguza mji mwaka huo. Ukumbi wa Globe, ulioigiza kazi za Shakespeare, uliungua tarehe 29 Juni 1613: mzinga ulilipuliwa wakati wa mchezo, kipande kinachowaka kikatua kwenye nyasi za paa. Walipoujenga upya mwaka uliofuata waliuezeka vigae. Na jirani zaidi nasi, makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Uganda, ambayo yapo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Lile jengo kubwa lilikuwa la nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Sisi waezekaji tulilia, sisemi kwa kutia chumvi.

Tatizo lingine ambalo wengi hawaliwazii: paa la nyasi limetengenezwa ili maji yateleze. Mvua inateleza, na maji ya zimamoto yanateleza vilevile, moto ukiwa chini yake unaendelea kula. Ndiyo maana wazimamoto wakifika huwa wanakata mkanda, wanang'oa nyasi za upande ambao haujashika ili moto ukose njia.

Sasa nini kinasaidia? Chanzo kikubwa ni dohani. Jiko la kuni lenye dohani fupi linatupa cheche juu ya nyasi. Waingereza wanashauri dohani lipite juu ya kilele cha paa kwa angalau mita 1.8. Kuni ziwe kavu. Usiwashe jiko kwa karatasi nyingi, kwa sababu vipande vya karatasi vinapanda vikiwa vinawaka na kutua juu. Wavu wa kuzuia cheche ukiwekwa bila kusafishwa unaziba kwa masizi, unaleta balaa jingine. Chini ya nyasi weka mbao maalumu zisizoshika moto haraka, ili moto wa juu uchelewe kuingia ndani na wa ndani uchelewe kutoka.

Globe mpya, iliyofunguliwa London mwaka 1997, ni ya nyasi tena, ya kwanza kuruhusiwa mjini humo tangu moto mkuu wa 1666. Imeruhusiwa kwa masharti: mabomba ya maji yamepita juu ya kilele na kuna tabaka linalozuia moto chini ya nyasi. Na kijiji cha Shirakawa, Japani, chenye nyumba kubwa za paa la nyasi, wamezunguka kijiji kizima na mizinga ya maji, na kila mwaka wanaifyatua yote pamoja kuhakikisha inafanya kazi. Hao wanajua wanaishi na nini.

---

Mdadisi

Mwezekaji, hizo dawa za kunyunyizia nyasi zisishike moto, vipi?

---

Mwezekaji

Zipo, na zikiwa mpya zinasaidia. Lakini paani mvua inaziosha na jua linazimaliza. Mteja analipia mara moja, anaamini amemaliza milele. Mimi nikiweka namwandikia tarehe ya kurudia. Zisikufanye uache dohani refu.

---

FundiWaUdongo

Ukutani baadhi ya watu hutumia boraksi, yaani chumvi ya madini inayopunguza kushika moto. Mvua haiifikii humo, kwa hiyo inakaa, na wadudu wanaikimbia. Sina tatizo nayo. Lakini nikiambiwa nichague kati ya boraksi na sentimita moja zaidi ya udongo, nachukua udongo bila kufikiri.

---

Kalamu_na_Kamba

Hapo kwenye lipu nina swali la kweli. Umesema saruji na chokaa ilipata saa mbili, udongo saa moja. Basi kwa nini wewe jina lako ni la udongo? Si tupige saruji tu tulale salama?

---

FundiWaUdongo

Swali zuri, na jibu lake si la moto peke yake.

Lipu ya saruji tupu hairuhusu mvuke kupita kirahisi. Unyevu ukiingia, kwa ufa au kwa dirisha linalovuja, unakwama nyuma. Mabua yanaoza, yanasinyaa, marobota yanashuka. Yakishuka, juu ya ukuta chini ya boriti panafunguka mwanya mrefu mtupu ambao huuoni kwa sababu lipu bado imesimama. Mwanya huo ndio barabara ya moto kwenda kwenye kenchi. Kwa hiyo ukuta uliopewa saa mbili siku ya kwanza unaweza kuwa dhaifu baada ya miaka kuliko wa udongo uliotunzwa. Udongo unapumua, na ukipata ufa unauziba kwa mkono na maji. Tena ukipigwa na moto unakauka na kuwa mgumu, lakini shida yake ni maji ya mpira: yanauchimba.

Sisemi udongo ndio jibu pekee. Nje, pale mvua inapopiga, napiga lipu ya chokaa. Ndani udongo mnene. Karibu na jiko, natumia tofali, sipeleki mabua karibu kabisa. Cha maana ni lipu ifike mwisho: juu kabisa hadi kwenye boriti, chini hadi kwenye msingi, na ndani ya kingo za madirisha. Ninachokiona mara nyingi ni lipu inayoishia kwenye dari kwa sababu "huko juu haionekani". Ukipanda darini na tochi unakutana na mabua matupu, makavu, mstari mzima kuzunguka nyumba. Moto wowote wa darini, hata wa waya, umeshaandaliwa chakula.

Kosa la namna hiyohiyo ni kuvisha ukuta mbao kwa nje na kuacha nafasi ya hewa, huku robota nyuma yake halina hata tabaka la udongo. Nafasi ile ni dohani iliyolala ukutani. Mbao za urembo sizikatai, ila robota lipakwe kwanza, na nafasi ikatwe kwa vizuizi.

---

Askari_wa_Maji

Nafasi ya hewa nyuma ya mavazi ya ukuta ni ugonjwa wa majengo mengi, si ya mabua tu. Jengo la Grenfell, London, tarehe 14 Juni 2017, moto ulipanda nje kwa njia hiyo, kwenye paneli zenye plastiki ndani, na watu 72 walipoteza maisha. Halikuwa na bua hata moja. Nasema hivi ili tusiangalie jina la kitu, tuangalie kimefungwaje.

---

Shamba_Darasa

Nyongeza fupi kwa wanaopenda takwimu: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichoma paneli ya marobota yenye lipu ya chokaa kwa joto lililopita 1000 °C, ikastahimili saa 2 na dakika 15. Kwa hiyo vipimo vya Texas havisimami peke yake.

---

Bi_Salma_U

Nimesoma uzi wote. Nina ombi kwa mtoa mada. Ndugu yangu anataka kununua nyumba ya marobota iliyokwisha kujengwa. Ukuta umefungwa, hauoni ndani. Aangalie nini?

---

FundiWaUdongo

Dada Salma, kwanza aombe picha za ujenzi kabla ya lipu. Mjenzi makini anazo, na ndani ya picha hizo atafute viungio kati ya robota na nguzo: vimejazwa au kuna giza? Asiyekuwa na picha hata moja, ndugu yako aongeze umakini kwa yafuatayo.

Apande darini na tochi, aende hadi kingo za ukuta. Akiona mabua yanayoonekana kwa macho, hiyo ni kazi ya kufanywa kabla ya kuhamia, si baada. Agonge ukuta kwa kifundo cha kidole sehemu ya juu, kwa urefu wote. Sauti nzito ni nzuri. Ikibadilika ghafla kuwa tupu, marobota yameshuka, apatoboe paangaliwe.

Azime umeme, afungue swichi mbili tatu, hasa za jikoni na bafuni. Nyuma ya boksi atake kuona udongo au lipu. Akiona mabua yanagusa boksi, au kiungo cha waya kimetupwa humo, amwite fundi wa daraja la Waya_Hai apitie nyumba nzima.

Bomba la jiko linapotoboa ukuta au dari, mabua yawe mbali nalo, na katikati kuwe na kitu kisichoungua. Awashe jiko kwa saa moja hivi, kisha aweke kiganja ukutani kuzunguka bomba. Pakiwa pa moto kiasi cha kushindwa kuacha mkono, jiko hilo lisiwashwe tena mpaka pafunguliwe.

Chini ya ukuta aangalie nyufa na matundu ya panya, na achukue kipima unyevu chenye sindano ndefu, akichome sehemu za chini ya madirisha. Zaidi ya asilimia 20 ni kuoza, na kuoza kunaleta kushuka.

---

Askari_wa_Maji

Aongeze moja: siku ya kuhamia awapigie simu kituo cha zimamoto cha karibu, awaambie kuta ni za marobota. Tukijua mapema tunakuja na vifaa vya kuvunjia lipu, na hatuondoki baada ya moshi wa kwanza kukatika.

---

Bi_Salma_U

Nimempelekea yote. Kesho anapanda darini.